Mikataba ya Kulinda Wawekezaji: Mgeni Amewekewa Mlango, Mwenyeji wa Nyamongo Apite Wapi?

Mto Mara hutoka katika nyanda za juu za Kenya, hupita katika mbuga ya Serengeti, kisha huelekea magharibi hadi Ziwa Viktoria. Kabla ya kufika ziwani huzitenga wilaya mbili za mkoa unaobeba jina lake: Tarime upande wa kaskazini na Serengeti upande wa kusini. Upande huo wa kaskazini, si mbali na mto, ndipo lilipo eneo la Nyamongo, lenye vijiji ambavyo majina yake yamezoeleka magazetini kwa zaidi ya miaka ishirini: Kewanja, Nyangoto, Genkuru, Kerende, Matongo na vinginevyo. Humo ndimo ulimo mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002.

Mwenyeji wa vijiji hivyo anayajua mengi kuhusu mgodi huo bila kufundishwa na mtu. Anajua sauti ya baruti. Anajua lini mthamini alipita shambani kwake, na ni miezi mingapi imepita tangu siku hiyo. Jambo ambalo aghalabu halijui ni kwamba juu ya ardhi ile kuna karatasi nyingine, mbali na leseni ya madini na mbali na hati ya kijiji. Ni mkataba kati ya nchi na nchi, uliotiwa saini na watu wasiopata kuliona bonde la mto Tigithe, na ambao siku ya mgogoro huweza kuwa na nguvu kuliko sheria iliyotungwa na Bunge la Dodoma.

Ndugu msomaji, tumeona tuizungumzie mikataba hiyo katika kurasa hizi za familia kwa sababu moja. Mkataba wa aina hii unapovunjwa, anayelipa si waziri aliyeutia saini. Hulipa hazina ya taifa, nayo hazina ni kodi ya sukari, ya mafuta ya taa na ya vocha ya simu inayotoka katika kila nyumba.

Mkataba huu ni kitu gani

Nchi mbili hukubaliana kwamba raia na kampuni za kila moja zitakapowekeza katika nchi ya pili zitapewa ulinzi maalumu. Maneno hutofautiana kidogo baina ya mkataba na mkataba, lakini nguzo ni zilezile. Mwekezaji atatendewa kwa haki na usawa. Hatabaguliwa kwa sababu ya ugeni wake. Ataruhusiwa kuhamisha faida yake kwenda kwao. Mali yake haitataifishwa, wala haitachukuliwa kwa njia za kuzunguka, ila kwa manufaa ya umma na kwa kulipwa fidia ya haraka, ya kutosha na yenye thamani halisi.

Nguzo ya mwisho ndiyo inayozipa nyingine meno. Mwekezaji akiona ahadi imevunjwa, na muda uliowekwa wa kujaribu kuelewana ukapita bila suluhu, anaweza kuishitaki Serikali moja kwa moja mbele ya baraza la waamuzi nje ya nchi. Kesi nyingi kati ya hizo huendeshwa chini ya Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji, kilicho katika kundi la Benki ya Dunia mjini Washington. Aghalabu waamuzi huwa watatu: mmoja huteuliwa na mwekezaji, mmoja na Serikali, na wa tatu hupatikana kwa makubaliano au huteuliwa na chombo kingine. Uamuzi wao hauna rufaa ya kawaida, na unaweza kukaziwa katika nchi nyingi duniani popote mali ya Serikali inayodaiwa ilipo.

Mkataba wa kwanza wa namna hii duniani ulitiwa saini Novemba 1959 kati ya Ujerumani Magharibi na Pakistan. Tanzania haikuchelewa sana, kwani ilitia saini mkataba wake na Ujerumani hiyohiyo mwaka 1965, miaka miwili kabla ya Azimio la Arusha kutaifisha mabenki na mashamba makubwa. Mwaka 1992, mageuzi ya uchumi yalipokuwa yamepamba moto, nchi yetu ilijiunga na mkataba ulioanzisha kituo cha Washington. Januari 1994 ikafuata Uingereza. Mei 2013 ikafuata Kanada, na mkataba huo ukaanza kufanya kazi Desemba mwaka uleule.

Nyamongo chini ya miavuli miwili

Hapa ndipo historia ya mgodi wa North Mara inapokuwa somo. Mgodi ulijengwa na kampuni yenye asili ya Australia. Mwaka 2003 ukaingia mikononi mwa Placer Dome ya Kanada, na mwaka 2006 Barrick, nayo ya Kanada, ikainunua Placer Dome. Mwaka 2010 migodi ya Barrick nchini iliwekwa chini ya kampuni iliyosajiliwa Uingereza na kuuzwa hisa London, African Barrick Gold, ambayo baadaye iliitwa Acacia. Septemba 2019 Barrick ilizinunua hisa zote zilizobaki, na Acacia ikafika mwisho.

Shimo ni lilelile na wanavijiji ni walewale, lakini uraia wa mwenye shimo umebadilika mara kadhaa. Uraia katika mambo haya si suala la fahari. Ndio unaoamua ni mwavuli upi utakaofunguliwa mvua ikinyesha. Kampuni iliyosajiliwa London iko chini ya mkataba wa 1994, na mmiliki aliyesajiliwa Kanada yuko chini ya mkataba wa 2013. Kampuni yenye tanzu katika nchi kadhaa inaweza kutazama miavuli yote iliyo nayo na kuchagua ulio mpana zaidi.

Hayo si ya kubuni. Mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, wilayani Nachingwea, ulikuwa chini ya Indiana Resources, kampuni ya Australia. Tanzania na Australia hazina mkataba wa aina hii. Shauri dhidi ya Serikali lilifunguliwa kwa kutumia mkataba wa Uingereza, kwa kuwa kampuni zilizoushikilia mradi zilisajiliwa Uingereza.

Leseni zilizofutwa na bili iliyofuata

Mwaka 2017 Tanzania ilitikisa sekta ya madini. Machi ya mwaka huo Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia. Mei na Juni kamati mbili, moja chini ya Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine chini ya Profesa Nehemiah Osoro, zilikabidhi ripoti zao kwa Rais John Magufuli. Julai Bunge likapitisha sheria mpya, na Acacia ikapelekewa madai ya kodi, riba na adhabu yaliyofikia dola za Marekani bilioni 190. Makinikia yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi. North Mara haikuwa ikiyasafirisha, lakini mmiliki alikuwa mmoja na mtikisiko ulifika Nyamongo vilevile.

Katika mabadiliko hayo kulikuwa na jambo ambalo halikupigiwa ngoma. Leseni za kuhodhi maeneo, zilizomruhusu mwenye utafiti uliokamilika kulishikilia eneo akisubiri bei au mtaji, ziliondolewa katika sheria. Januari 2018 kanuni mpya zikazifuta zile zilizokuwapo. Hoja ya Serikali ilikuwa na uzito: kwa nini madini ya Watanzania yakae kabatini mwa mtu miaka na miaka? Hata hivyo, waliokuwa na leseni hizo walikuwa wameshikilia ahadi iliyoandikwa, na baadhi yao walikuwa na mkataba wa nchi na nchi nyuma yao.

Kampuni tatu zilikwenda Washington. Winshear Gold ya Kanada, iliyokuwa na mradi wa dhahabu kusini-magharibi mwa nchi, ilimalizana na Serikali Oktoba 2023 kwa dola milioni 30. Indiana ilipewa tuzo ya zaidi ya dola milioni 109 Julai 2023, na mwaka mmoja baadaye pande mbili zikakubaliana juu ya dola milioni 90. Montero ya Kanada, iliyotafiti madini adimu ya Wigu Hill mkoani Morogoro, ilikubali dola milioni 27 Novemba 2024. Jumla yake ni dola milioni 147. Kati ya miradi hiyo mitatu, hakuna hata mmoja uliokuwa umefikia kuwa mgodi wenye uzalishaji.

Wasomaji wetu wanakumbuka pia habari ya ndege ya Air Tanzania iliyozuiwa Uholanzi mwishoni mwa 2022. Chanzo chake kilikuwa mradi wa sukari wa Bagamoyo uliofutwa, ambao kampuni ya EcoEnergy iliufungulia shauri kwa kutumia mkataba wa Tanzania na Sweden. Mwaka 2022 baraza liliipa tuzo ya takriban dola milioni 165. Ahadi iliyotolewa mezani ikaja kudaiwa uwanjani.

Somo la Reko Diq

Anayedhani kiasi hicho ni kikubwa na atazame Pakistan, nchi ileile iliyotia saini mkataba wa kwanza mwaka 1959. Katika jimbo la Balochistan kuna hazina kubwa ya shaba na dhahabu iitwayo Reko Diq. Kampuni iliyoitafiti, Tethyan Copper, ilimilikiwa na Barrick pamoja na Antofagasta ya Chile, lakini ilisajiliwa Australia. Mwaka 2011 Serikali ya jimbo iliinyima leseni ya kuchimba. Kampuni ikaenda Washington kwa mkataba wa Australia na Pakistan. Julai 2019 Pakistan iliamriwa kulipa takriban dola bilioni 5.8, pamoja na riba.

Ili kukipima kiasi hicho, inatosha kujua kwamba mwezi huohuo Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa limeidhinisha mkopo wa dola bilioni 6 kuuokoa uchumi wa Pakistan. Tuzo moja ilikaribia kuumeza mkopo mzima. Mwaka 2022 pande zote zilirudi mezani. Barrick ilipewa nusu ya mradi, na nusu nyingine ikagawanywa kati ya mashirika ya Serikali Kuu na jimbo la Balochistan. Inawezekana ni mapatano mazuri. Lakini aliyeketi mezani huku anadaiwa dola bilioni 5.8 hakuketi akiwa sawa na mwenziwe.

Mlango wa mwanakijiji

Sasa tuvuke upande wa pili. Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia mto Tigithe, ambao humwaga maji yake mto Mara. Kampuni ilisema chanzo kilikuwa wizi wa plastiki za kuzuia maji. Wakazi walilalamikia afya zao na mifugo yao. Tarehe 16 Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi mgodini, katika kundi lililoingia kutafuta mawe yenye dhahabu. Mei 2019 mgodi ulitozwa faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la topesumu.

Wanavijiji wa Nyamongo waliotafuta haki nje ya nchi hawakuwa na kituo cha Washington. Waliofungua shauri London mwaka 2013 dhidi ya kampuni mama na ya mgodi walifikia mapatano nje ya mahakama mwaka 2015. Wengine walifungua shauri Ontario, Kanada, mwaka 2022 dhidi ya Barrick, wakidai kuwa kampuni inawajibika kwa vitendo vya polisi wanaolinda mgodi. Barrick imeyakana madai hayo na kusema kwamba Jeshi la Polisi ni chombo cha dola kisicho chini ya amri yake. Novemba 2024 mahakama iliamua kuwa shauri hilo halikupaswa kusikilizwa Ontario, na kwamba Tanzania ndipo mahali panapofaa zaidi.

Hatusemi kwamba jaji alikosea sheria ya kwao. Tunachomwomba msomaji ni kuziweka habari mbili ubavuni kwa ubavu. Kampuni ya Kanada yenye mgogoro na Serikali ya Tanzania inaruhusiwa na mkataba kuziruka mahakama za Tanzania na kwenda kwa waamuzi wa nje. Mtanzania mwenye mgogoro na kampuni ya Kanada, akibisha hodi Kanada, huambiwa arudi kwao. Mahakama ambazo mmoja ameruhusiwa asiziamini ndizo ambazo mwingine ameambiwa zinamtosha.

Wala mwanakijiji hana kiti katika baraza lenyewe. Mwaka 2005 Serikali ilipouvunja mkataba wa City Water uliohusu maji ya Dar es Salaam, kampuni ya Biwater Gauff ilifungua shauri kwa mkataba wa Uingereza. Asasi za kiraia, zikiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LEAT na TGNP, ziliomba kusikilizwa kwa sababu maji ni uhai wa umma. Baraza lilikubali kupokea maandishi yao, lakini halikuwaruhusu kuingia katika vikao wala kuzisoma nyaraka za pande mbili. Julai 2008 uamuzi ulitoka: Serikali imeuvunja mkataba, lakini fidia ni sifuri, kwa kuwa hasara iliyodaiwa haikusababishwa na ukiukaji ule. Tanzania ilipona. Lakini waliokuwa wakinywa maji yale walisikilizwa kwa barua tu.

Kuna mfano mwingine wa karibu zaidi na familia za Nyamongo. Mkataba humwahidi mwekezaji fidia ya haraka, ya kutosha na yenye thamani halisi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo humwahidi mwananchi anayepoteza ardhi fidia kamili, ya haki na ya haraka. Ahadi mbili zinazofanana kama pacha. Tofauti ni nani anazidai na wapi. Mmoja hudai kwa wanasheria wa kimataifa na kulipwa pamoja na riba. Mwingine hudai kwa kukaa katika baraza la ofisi akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Pengo hilo ndilo lililozaa Nyamongo mambo ya tegesha, yaani nyumba zinazojengwa harakaharaka na mimea inayopandwa kwa kubanana ili mthamini aikute. Tegesha ni udanganyifu, na hatuutetei. Lakini watu hawaanzi kutega ila pale wanapoamini kwamba njia iliyonyooka haifiki.

Sheria za 2017 ziliziba wapi

Baadhi ya wasomaji watauliza: je, Bunge halikulimaliza jambo hili? Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili ya 2017 inataka migogoro ya maliasili iamuliwe na vyombo vya ndani. Sheria mwenza inaruhusu mikataba yenye masharti hasi ipitiwe upya. Msingi wake ni imara. Umoja wa Mataifa ulikwishatamka Desemba 1962 kwamba mamlaka ya kudumu juu ya maliasili ni ya wananchi wa nchi husika.

Ugumu ni kwamba sheria ya ndani haifuti ahadi ya nje. Ni kanuni ya kale ya mataifa kwamba nchi haiwezi kuitumia sheria yake yenyewe kuwa udhuru wa kutotimiza mkataba iliousaini. Ndiyo maana mashauri ya Winshear, Indiana na Montero yalisikilizwa yote baada ya sheria hizo kupita. Hata kuuvunja mkataba kwa utaratibu hakukati mzizi mara moja. Tanzania iliumaliza mkataba wake na Uholanzi tarehe 1 Aprili 2019, lakini uwekezaji uliofanyika kabla ya siku hiyo unaendelea kulindwa kwa miaka 15 mingine. Mtoto aliyezaliwa mwaka mkataba ulipokoma atakuwa sekondari ulinzi huo utakapokwisha.

Kwa upande wa Barrick, suluhu ilipatikana mezani. Januari 2020 pande mbili zilitia saini makubaliano yaliyoizaa kampuni ya Twiga. Serikali ilipata hisa asilimia 16 katika migodi, ukiwamo North Mara, manufaa ya kiuchumi yakakubaliwa kugawanywa nusu kwa nusu, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 300 kumaliza madai. Ni hatua ambayo nchi nyingi za Afrika hazijaifikia. Lakini ni makubaliano ya Serikali na kampuni. Kewanja na Genkuru havimo miongoni mwa waliotia saini.

Haki ya mgeni nayo ni haki

Tusije tukaonekana tunasema mwekezaji hastahili kulindwa. Anayeleta mtaji wake nchi ya mbali huja na hofu ya kweli, na historia yetu wenyewe ya utaifishaji inaeleza kwa nini. Mgodi haubebeki. Ukishajengwa, mwenye nao yuko mikononi mwa mwenyeji. Serikali inayobadili neno kila uchaguzi hupoteza wawekezaji wazuri na kubaki na wale wanaojua kuhonga.

Zaidi ya hayo, sisi Waislamu tumeamrishwa kutimiza mikataba, na Suratul Maida inafunguliwa kwa amri hiyohiyo. Kwa hiyo jibu letu haliwezi kuwa: tieni saini, kisha vunjeni. Amri ya kutimiza ahadi inamtaka anayeahidi ajue anachoahidi, ajue anaahidi kwa niaba ya nani, na asitoe kilicho amana ya watu wasiokuwapo. Kosa la mikataba hii halikuwa kumpa mgeni haki. Kosa lilikuwa kumpa haki bila wajibu. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, na ya tatu wakampa jembe. Mikataba ya zamani haikumpa jembe kabisa. Ile ya Kanada ya miaka ya 2013 huzitaka nchi zihimize kampuni zifuate wajibu wao kwa jamii kwa hiari, na kinachofanywa kwa hiari hakidaiwi mahakamani.

Mikataba inaweza kuandikwa vingine

Tarehe 3 Desemba 2016 Moroko na Nijeria zilitia saini mkataba wa uwekezaji wa sura nyingine. Humo mwekezaji ana wajibu: kufanya tathmini ya mazingira na ya athari kwa jamii, kuheshimu haki za binadamu na kutokutoa rushwa. Na kuna kifungu kinachogusa moja kwa moja kisa cha Ontario: mwekezaji anaweza kushitakiwa katika mahakama za nchi yake kwa vitendo vyake vinavyosababisha madhara makubwa, majeraha au vifo katika nchi aliyowekeza. Kama kifungu cha namna hiyo kingekuwamo katika mkataba wetu na Kanada, mwanakijiji wa Nyamongo angekuwa na mlango wake.

Mfano wa pili hauhitaji pasipoti. Ukivuka mto Mara kutoka Nyamongo kwenda Mugumu, kisha ukaelekea mpaka wa hifadhi, unafika katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, wilayani Serengeti. Vijiji vitano, vikiwamo Robanda, Makundusi na Nyichoka, vilitenga ardhi yao, vikaunda jumuiya, na jumuiya hiyo huingia mikataba na wawekezaji wa utalii na kugawana mapato. Hatusemi kwamba Ikona haina malalamiko. Tembo wanakula mazao, na mgawo wa mapato una manung'uniko yake. Lakini lipo jambo moja ambalo Nyamongo hawana: jina la mwenyeji limo katika karatasi kama mhusika, na mhusika anaweza kudai.

Nini tukifanye

Kwa Serikali na Bunge, tunaona mambo matatu. Kwanza, mkataba wowote mpya, na mapitio ya ile ya zamani, uwe na wajibu wa mwekezaji na mlango wa mwananchi, kama walivyofanya Moroko na Nijeria. Pili, mikataba hiyo itafsiriwe kwa Kiswahili na isomwe kabla ya kuridhiwa, si baada ya ndege kuzuiwa. Tatu, kila sheria inayogusa leseni zilizokwisha kutolewa ipimwe mapema kwa mizani ya ahadi zilizopo. Kufuta leseni kwa kanuni ya siku moja kumeligharimu taifa dola milioni 147. Kuzungumza na wenye nazo kabla ya kuzifuta kungegharimu chai na maandazi.

Kwa halmashauri, zipo haki ambazo hazihitaji mkataba wa kimataifa. Sheria ya Madini inautaka mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii kwa makubaliano na serikali ya mtaa. Kuna pia ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mapato ghafi. Mpango huo na hesabu hizo zibandikwe ubaoni katika ofisi ya kijiji. Na kwa kuwa ushuru hufuata mpaka wa halmashauri ilhali maji hayafuati, Tarime na Serengeti zingefanya busara kuwa na sauti moja juu ya mto unaozipakanisha.

Kwa familia, ushauri wetu ni wa nyumbani. Mthamini akipita, mume na mke wawepo wote wawili, na nakala ya fomu ya uthamini ibaki ndani, ikiwa na tarehe na picha. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa. Ikichelewa, riba huanza kuhesabiwa, na baada ya miaka miwili uthamini huo hupoteza nguvu na hauna budi kurudiwa. Asiyejua hivyo husubiri miaka mitano akidhani anavumilia, kumbe anapoteza haki yake. Fidia ikifika, isigeuke talaka. Tumeyaona haya katika miji mingi ya madini: fedha huingia kwa jina la baba, mama na watoto wakabaki na mabati.

Mwisho, watoto wetu wanaosoma sheria waelekezwe huku. Mabaraza yanayoamua juu ya dhahabu ya Tarime huketi kwa lugha na taratibu ambazo ni Watanzania wachache mno wanaozijua. Kijana mmoja wa Nyamwaga au wa Mugumu atakayeweza kusimama mbele yao, akiijua sheria ya mataifa kama anavyoijua njia ya kwenda mto Mara, atakuwa ni kinga kwa watu wake wa kesho.

Siku mikataba ijayo itakapowekwa mezani, Inshaallah, iwe na kurasa mbili: moja ya haki za mgeni, na ya pili ya haki za mwenyeji. Na mwenye kalamu azisome zote mbili kabla ya kutia saini.